Feni sita, joto pale pale: uchambuzi wa kisa cha kompyuta ya kuhariria video, Mombasa

Mazingira ya kisa

Studio inayozungumziwa hapa ni ndogo, iko kisiwani Mombasa, na riziki yake kubwa ni video za harusi. Jina, mtaa na chochote kingine kinachoweza kuitambulisha vimeondolewa. Chumba cha kuhariria kiko ghorofani, kina dirisha moja na pangaboi, hakina AC. Kompyuta ni mbili. Kisa hiki kinahusu ile kubwa.

Tatizo lilijitokeza Januari, wakati wa kaskazi. Mchana chumba cha ghorofani kama hicho hufika nyuzi 32 au 33 za Selisiasi, na hicho ndicho kiwango cha kuanzia. Feni husogeza hewa, haiipozi. Chumba kikiwa na nyuzi 32, kila kinachotoa joto ndani ya kasha la kompyuta kitakuwa juu ya 32, na swali linalobaki ni juu kwa kiasi gani.

Kazi iliyokuwa ikiitesa mashine ni kuondoa chembechembe kwenye picha zilizopigwa usiku ukumbini, ndani ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Picha za ukumbi wenye taa hafifu hujaa chembechembe, na kuzisafisha ni mzigo unaoangukia karibu wote kwenye kadi ya grafiki, sehemu ya kompyuta inayoshughulikia picha. Michezo ya kompyuta hupandisha mzigo na kuushusha. Kurenda, yaani kutengeneza faili la mwisho la video, kwa harusi ya saa tatu hakushushi kitu mpaka kazi iishe, kwa hiyo mashine inayomudu mchezo vizuri tu inaweza kushindwa hapa.

Mashine yenyewe

Prosesa, chipu kuu ya mahesabu, ni Ryzen 7 5800X, chini ya hitsinki (chuma cha kufyonza joto) ya mnara mmoja yenye feni moja ya milimita 120 inayosukuma hewa kuelekea mgongo wa kasha. Kadi ya grafiki ni RTX 3060 yenye feni mbili, aina ambayo humwaga joto lake humo humo ndani ya kasha badala ya kulitoa nje kwa nyuma. Pawasaplai, kisanduku kinachogawa umeme, ni ya wati 650, iko chini, feni yake ikitazama sakafu.

Kasha ni la ukubwa wa kati. Ubavu ni kioo, na uso wa mbele nao ni kioo. Hewa ya mbele ina njia moja tu, upenyo wa milimita 6 hivi kushoto na kulia kwa kioo hicho. Lilikuja na feni nne za taa za rangi, zote za milimita 120 na zote za pini tatu: tatu mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa. Kasi yake ilifuata joto la prosesa, kama BIOS nyingi (programu ya msingi inayowasha kompyuta) zinavyopangwa kutoka kiwandani.

Kasha lote lilikaa ndani ya kijumba cha meza. Mbao kulia, kushoto na nyuma, mbao nyingine juu, zulia jembamba chini. Kati ya mgongo wa kasha na ubao wa nyuma palikuwa na sentimita 7.

Yaliyotokea

Dalili zilikuwa mbili. Kwanza, kurenda kulianza kwa kasi nzuri, kisha baada ya robo saa kasi ikashuka na kubaki chini. Pili, alasiri mashine ilijizima ghafla bila ujumbe wowote, na kitufe hakikuiwasha mpaka zipite dakika kadhaa.

Mwenye studio alizichukua dalili zote mbili kuwa ugonjwa mmoja, umeme unaoyumba, akanunua UPS, kifaa chenye betri cha kushikilia umeme. Mashine iliendelea kujizima huku UPS ikiwaka taa yake ya kijani bila wasiwasi.

Akaitwa fundi wa kwanza. Alipuliza vumbi, akaona nafasi mbili tupu juu ya kasha, akaweka feni mbili za taa kama zile nyingine. Alizifunga uso mzuri ukitazama juu, ili rangi zionekane kwa mtu aliyesimama. Hapa ndipo kosa lilipoingilia. Katika feni ya kawaida, hewa huingilia upande ulio wazi, ule wa kupendeza, na hutokea upande wenye mikono inayoshikilia mota. Feni iliyofungwa juu ya kasha kwa mtindo huo inavuta hewa ndani. Feni tano sasa zikawa zinaingiza na moja tu inatoa, ndani ya kijumba cha mbao.

Kelele ikaongezeka. Kipimo cha joto cha kadi kilisoma nyuzi 83 kabla, na nyuzi 83 baada. Fundi wa pili alipofika aliulizwa swali moja: "Fundi, si tuongeze nyingine mbili?"

Vipimo kabla ya bisibisi

Fundi wa pili hakubadilisha feni yoyote siku hiyo. Alichagua mradi mmoja wa kurenda na kuurudia kwa nusu saa katika kila hali, programu ya vipimo ya HWiNFO ikirekodi, na kipimajoto cha kawaida kimoja kikiwa chumbani na kingine sentimita chache mbele ya kioo cha kasha. Kipimajoto cha pili ndicho kilichoeleza karibu nusu ya kisa, kwa sababu hewa ya chumba na hewa inayofika kwenye feni si lazima ziwe moja.

Mashine kama ilivyokutwa: chumba nyuzi 32, hewa mbele ya kasha nyuzi 39. Kadi ya grafiki 83, kasi ya chipu imeshuka kutoka karibu 1,880 MHz hadi 1,610. Prosesa 76.

Kasha nje ya kijumba, bila kubadilisha kingine: hewa ya mbele 33, kadi bado 83, lakini kasi 1,740.

Nje ya kijumba, ubavu wazi: kadi 75, kasi 1,860.

Nje ya kijumba, ubavu umefungwa, kioo cha mbele kimetolewa: kadi 78, kasi 1,830.

Mtu akisoma safu ya joto peke yake, atadhani kulitoa kasha kijumbani hakukusaidia: 83 na 83. RTX 3060 ina kikomo cha nyuzi 93, lakini kwa kawaida imepangwa kujilinda kuanzia 83: ikifika hapo hupunguza kasi yake ili isipite. Kwa hiyo 83 haikuwa joto la mashine, ilikuwa ukuta. Hali mbili tofauti kabisa zinaweza kusimama kwenye ukuta huo huo, na tofauti yake ikaonekana kwenye kasi tu. Mwenye studio alipohukumu feni mbili za juu kwa kuangalia joto, alikuwa anaangalia namba isiyoweza kusogea. Huenda zilisaidia kidogo, huenda ziliharibu. Kasi ya siku zile haikurekodiwa na mtu.

Baada ya namba, moshi. Kijiti cha udi kiliwashwa na kushikiliwa sentimita 5 hivi kutoka kila upenyo, sekunde chache kila mahali, majivu yakikingwa kwa kisahani. (Usikiache kijiti kikavutwa ndani kwa muda mrefu: moshi wa udi una mafuta, na mafuta yakikaa kwenye bapa za feni hunasa vumbi.) Kasha lilirudishwa kijumbani kwa jaribio hili. Moshi uliotoka mgongoni uligonga ubao wa nyuma, ukapanda, na sehemu yake ikavutwa na feni ya juu iliyo karibu zaidi na mgongo. Uliobaki ulizunguka pembeni na kutokea mbele. Hewa ile ile ilikuwa ikipitishwa kwenye kadi mara ya pili na ya tatu.

Kwenye upenyo wa kioo cha mbele, moshi haukuvutwa kwa nguvu hata kidogo. Sababu zilikuwa mbili, na ya pili ingeweza kupita bila kuonekana. Upenyo ni mwembamba, hilo liko wazi. Lakini pia feni zenyewe zilikuwa zikizunguka nusu ya kasi yake: zilifuata joto la prosesa, na wakati wa kusafisha chembechembe prosesa haikuwa na kazi kubwa. Kadi ilikuwa inaungua na feni za kasha hazina habari.

Mwisho, vumbi. Chujio la chini ya pawasaplai lilikuwa limeziba kama blanketi, na chini yake kulikuwa na zulia.

Maamuzi na sababu zake

Kununua kasha jipya lenye uso wa matundu kulizungumzwa na kuachwa. Si kwa sababu si wazo zuri. Kama mtu anaanza upya katika hali ya hewa ya pwani, kasha lenye uso wa matundu ndilo la kununua, na kioo cha mbele ni pambo la kulipia kwa joto. Hapa kasha lilikuwepo, na vipimo vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya tatizo iko nje ya kasha.

*Mahali.* Kasha lilitolewa kijumbani na kuwekwa kando ya meza juu ya kiti kifupi cha mbao chenye uso wa pau, si ubao mzima, ili pawasaplai ipate hewa kutoka chini. Sentimita 15 kutoka ukutani, mgongo ukielekea upande wa dirisha. Halikuwekwa sakafuni: chumba hupigwa deki, na vumbi zito husafiri chini. Halikuwekwa dirishani pia, ingawa ndiko upepo uliko, kwa sababu upepo wa bahari huja na chumvi. Skrubu za mgongo wa kasha zilikuwa tayari zimeanza kutu.

*Uso wa mbele.* Kioo kiliondolewa moja kwa moja, mahali pake pakawekwa wavu. Aina tatu zilifikiriwa. Wavu wa dirisha wa kuzuia mbu una matundu ya takriban milimita 1. Hupitisha hewa vizuri, huzuia nyuzi, nywele na wadudu, lakini vumbi laini linapita. Soksi ndefu ya nailoni huzuia zaidi, na huziba haraka, hasa wakati wa kaskazi. Sponji nyembamba ya machujio ni nzuri kwa feni zenye nguvu, na hizi za taa hazina nguvu hiyo. Ukachaguliwa wavu wa mbu, kwa makubaliano kwamba vumbi laini litaingia na litapulizwa.

*Feni za juu.* Ile iliyo karibu na mgongo iligeuzwa itoe. Ile iliyo karibu na uso wa mbele iliondolewa kabisa, na nafasi yake ikazibwa kwa kipande cha plastiki. Uamuzi huu ndio uliomshangaza mwenye studio, aliyekuwa amelipia feni hiyo. Feni ya juu iliyo mbele, ikitoa, huiba hewa safi iliyotoka tu kwenye feni ya mbele kabla haijafika kwenye hitsinki ya prosesa. Ikiingiza, hukata mkondo unaokwenda nyuma. Kwenye kasha lenye hitsinki ya mnara, nafasi hiyo mara nyingi ni bora ikae tupu. Iliyo nyuma haina tabu hiyo: iko juu ya mahali hitsinki inapotemea joto.

Kuna hoja iliyotolewa kwamba feni za juu lazima zitoe kwa sababu joto hupanda. Uamuzi ulikuwa sahihi, hoja si hiyo. Ndani ya kasha lenye feni zinazozunguka, nguvu ya hewa moto kupanda yenyewe ni ndogo mno ikilinganishwa na msukumo wa feni. Hewa huenda inakosukumwa. Feni ya juu inafaa kutoa kwa sababu ya kilichopo chini yake na mwelekeo wa feni nyingine.

*Feni iliyobaki.* Ilipendekezwa ifungwe juu ya kifuniko cha pawasaplai ipulize kadi kutoka chini. Wazo hili hufanya kazi kwenye makasha ambayo chumba cha chini kina mlango wa hewa mbele. Hapa chumba hicho kilijaa waya na kabati la diski, hakina njia ya hewa kutoka mbele. Feni ingezunguka ikivuta hewa isiyokuwepo. Ikawekwa akiba.

*Umeme na udhibiti wa feni.* Feni tatu za mbele ziliunganishwa kwa waya wa kugawanya kwenye soketi moja ya feni za kasha (SYS_FAN), mbili za kutoa kwenye nyingine. Soketi nyingi za madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, hubeba ampea 1. Feni hizi zilikuwa na alama ya 0.2 kila moja, hivyo tatu ni 0.6, salama. Usome alama iliyo mgongoni mwa feni kabla ya kugawanya, kwa sababu feni za taa zenye waya mmoja wa taa na mota hula zaidi.

Ndani ya BIOS soketi zote mbili ziliwekwa kwenye hali ya DC. Feni ya pini tatu hudhibitiwa kwa kupunguziwa volti. Ikiachwa kwenye hali ya PWM, inayodhibiti kwa pini ya nne, huzunguka kasi yote muda wote, na watu huishia kudhani feni ni mbovu. Kiwango cha chini kikawekwa asilimia 60, yaani takriban volti 7.2, ambapo feni zote tano ziliwaka bila kukwama. Juu yake ikaongezwa programu ya bure ya FanControl, ikaelekezwa kufuata joto lililo kubwa zaidi kati ya prosesa na kadi: asilimia 60 mpaka nyuzi 45, asilimia 80 kwa nyuzi 60, asilimia 100 kuanzia 75. Programu hiyo hufanya kazi Windows ikiwa imewaka tu, na ndiyo maana kiwango cha chini cha BIOS hakikuachwa kwenye asilimia 30 ya kiwandani. Programu ikigoma usiku katikati ya kurenda, mashine isiachwe bila hewa.

*Pesti ya prosesa.* Pesti hiyo, inayopakwa kati ya chipu na hitsinki, haikuguswa. 5800X ina kikomo cha nyuzi 90, na ubavu ulipokuwa wazi prosesa ilishuka vizuri pamoja na kadi. Hitsinki isiyogusana sawa na chipu isingenufaika hivyo na hewa safi.

Matokeo

Mradi ule ule, nusu saa, chumba nyuzi 32: kadi 73, kasi 1,850 MHz bila kushuka, prosesa 67. Kurenda kulikochukua dakika 58 kukachukua 51. Feni ni tano badala ya sita, na kelele ilipungua, kwa kuwa feni za kadi zenyewe hazikulazimika tena kupiga kasi yote. Hizo ndizo zilizokuwa zikilalama zaidi, si za kasha.

Kujizima hakukurudi kwa msimu wote uliobaki wa kaskazi.

Karatasi ya tishu ikishikwa kwenye nyufa za mgongo, karibu na kadi, ilisukumwa nje kidogo. Hiyo ina maana hewa inayoingia kupitia wavu inazidi kidogo ile inayotolewa, na vumbi halivutwi kupitia nyufa zisizo na chujio.

Halafu yakaja matatizo. Wavu ulikuwa umebandikwa kwa gundi ya utepe wa pande mbili. Joto na unyevu viliufanya utepe uteleze, kona moja ikaachia na kuanza kugusa bapa za feni. Ukafungwa upya kwa vifungo vidogo vya plastiki kupitia matundu ya fremu. Na ndani ya wiki kadhaa kadi ilikuwa imepanda nyuzi 4, wavu ukiwa kijivu. Ukapangwa usafi kila wiki mbili wakati wa kaskazi: wavu na chujio la chini huoshwa kwa maji na kukaushwa kabisa, ndani kwa brashi laini na kipulizi, bapa za feni zikizuiwa kwa kidole zisizungushwe na upepo. Kusi ikianza na mvua kuja, mara moja kwa mwezi imetosha.

Uchambuzi

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini idadi ya feni haikuwa tatizo. Chukua wati 300 kama joto linalomwagwa ndani ya kasha: kadi 170, prosesa na vinginevyo vinakamilisha. Ili hewa itoke ikiwa imepata joto la nyuzi 10 tu kuliko ilivyoingia, zinahitajika takriban lita 26 za hewa kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 93 hivi kwa saa. Feni moja ya kawaida ya milimita 120 hutangazwa kusukuma kiasi cha karibu na hicho ikiwa hewani, bila kizuizi. Ikifungwa nyuma ya wavu na mbele ya waya, chukulia nusu. Feni mbili zinazotoa, zikipewa hewa ya kutosha upande wa kuingilia, zinaimudu kazi hiyo. Sita nyuma ya upenyo wa milimita 6 haziimudu, kwa sababu kila feni inayoongezwa inagombania hewa ile ile finyu.

Kati ya mabadiliko yote, lililoleta faida kubwa halikuhitaji feni wala bisibisi: kulitoa kasha kijumbani. Hewa ya kuingilia ilishuka kutoka 39 hadi 33. Hakuna mpangilio wa feni ndani ya kasha ungeweza kununua nyuzi 6 hizo. Meza za ofisi zenye kijumba cha kompyuta zilichorwa zamani za mashine nyepesi, na bado zinauzwa. Kwa mashine yenye kadi kubwa ni oveni.

La pili ni kuifanya kadi nayo isikilizwe na feni. Hili halionekani kwa macho. Mtu anafungua kasha, anaona feni zote zinazunguka, anaridhika. Mashine inayotumika kwa kadi zaidi kuliko prosesa inahitaji kukaguliwa hapo kwanza, na ukaguzi ni wa dakika mbili: angalia mizunguko ya feni za kasha kwenye HWiNFO wakati kadi iko chini ya mzigo. Ikiwa ni nusu ya uwezo wao huku kadi ikiwa 80 na kitu, umepata jibu.

Kilichofeli kwa fundi wa kwanza hakikuwa ujuzi wa kufunga feni. Alifunga vizuri, waya zimepangwa. Alichokosa ni kipimo cha kabla, na kuangalia mshale. Feni nyingi zina mishale miwili midogo kwenye fremu, mmoja wa mzunguko wa bapa na mmoja wa mwendo wa hewa. Isipokuwepo, mikono ya mota inatosha. Wanaotaka rangi zionekane juu bila kuharibu mkondo wanaweza kutafuta feni za bapa zilizogeuzwa, ambazo hutoa hewa kupitia upande wa kupendeza. Zipo, ila si kila duka huziweka.

Kazi ya fundi wa pili nayo ina pengo. Dalili ya kujizima ilishughulikiwa kwa mambo mawili kwa wakati mmoja: chujio la pawasaplai lilisafishwa, na kasha likainuliwa kutoka kwenye zulia. Haijulikani lipi liliponya. Hata utambuzi wenyewe, kwamba kinga ya joto ya pawasaplai ndiyo iliyokuwa ikikata umeme, unasimama juu ya dalili: mashine kuzima bila onyo, na kukataa kuwaka mpaka ipoe. Prosesa na kadi zikipata moto hupunguza kasi kwanza, kwa hiyo kuzima ghafla kulikuwa na kila sababu ya kutazamwa kama tatizo la pili. Lilistahili kupimwa peke yake, kwa kusafisha chujio tu na kuliacha kasha kwenye zulia siku moja ya joto. Mwenye studio, akiwa na harusi tatu za kukabidhi, hakutaka jaribio hilo, na mtu anaweza kumwelewa.

Kuhusu kuacha ubavu wazi, kwa kuwa kipimo kilionyesha nyuzi 75: ni kipimo kizuri na tiba mbaya. Vumbi huingia bila chujio, mijusi hupenda mahali penye joto, na mkondo wa hewa juu ya sehemu ndogo za madabodi zisizo na feni hupotea. Tofauti kati ya ubavu wazi na ubavu uliofungwa ndiyo yenye thamani. Hapa, mwishoni, ilikuwa chini ya nyuzi 2. Ikiwa bado ni 6 au 8, kasha linanyimwa hewa mahali fulani.

Kinachobaki hakijatatuliwa ni chumba. Kompyuta mbili zikirenda pamoja, joto la chumba lilipanda nyuzi 3 kufikia alasiri, na kadi ikapanda nazo, nyuzi kwa nyuzi. Pangaboi huichanganya hewa hiyo bila kuitoa. Kwa sasa kazi ndefu za kusafisha chembechembe zimehamishiwa usiku, dirisha likiwa wazi na mgongo wa kasha ukitemea joto upande huo. Kununua feni ya kutoa hewa ukutani kunangoja mwenye nyumba akubali tundu.